Zawadi Isiyo na Mtoaji: Riwaya za Vimondo kwa Msomaji wa Kariakoo

Saa kumi na mbili na nusu jioni hapa Kariakoo ni saa ya fedha. Kumwacha mteja barabarani ili uje kumsikiliza mwalimu mstaafu akizungumzia mawe ya mbinguni ni sadaka, na sitaisahau.

Walionialika walitaka niseme juu ya kusoma. Nikauliza, kusoma nini? Wakasema, chochote mwalimu, mradi watu wasisinzie. Basi nimechagua jambo jembamba: riwaya za vimondo, yaani hadithi ambazo ndani yake nyota huanguka au jiwe hushuka kutoka angani, na jinsi ya kumpa mtu hadithi hiyo iwe zawadi. Sikulitafuta jambo hili. Lilinikuta.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayekaa na wazazi wake ghorofa ya nne, Mtaa wa Sikukuu. Desemba iliyopita, usiku wa kuamkia tarehe 14, umeme ulikatika mtaa mzima. Joto likawatoa ndani, wakapanda juu ya paa na mkeka wao. Mtoto wa Kariakoo hukua bila habari kwamba yuko chini ya nyota. Anga lake ni taa za maduka, taa za bodaboda na mabango ya simu. Usiku ule mtaa ulipozimika, mbingu ikawaka. Akaona mstari wa mwanga ukipita upande wa Gerezani, akadhani ni fataki za harusi. Ukapita wa pili. Alipofika wa kumi na moja akaacha kuhesabu.

Hakuna muujiza hapo. Kila mwaka, katikati ya Desemba, dunia hukatiza njia ya vumbi lililoachwa na jabali la angani liitwalo Phaethon, na chembe za vumbi hilo, nyingi zikiwa ndogo kama mchanga wa Coco Beach, huingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde na kuungua. Vimondo vile hupita kila Desemba juu ya Msimbazi, juu ya Lumumba, juu ya kichwa chako ukiwa umelala. Kinachokosekana ni giza.

Asubuhi akanipigia simu. "Shikamoo mjomba." Marahaba. "Mjomba, ile zawadi yangu ya kumaliza fomu foo, sitaki simu tena. Nataka kitabu cha hadithi. Cha nyota inayoanguka." Moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyefutiwa deni. Simu mnazijua bei zake. Nikamwambia, mwanangu, umepata, kesho kutwa nakuletea.

Nilikuwa sijui ninachoahidi.

Nilianzia hapahapa. Mtaa wa Kongo sikuthubutu, maana kule mtu hupotezana na kivuli chake, lakini nilizunguka maduka ya vifaa vya shule, moja baada ya jingine. Nikakuta vitabu vya kiada, mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, kamusi, vitabu vya dini, vitabu vya namna ya kutajirika. Mwisho nikamfikia kijana aliyetandika vitabu vyake kwenye turubai, kando ya njia, karibu na Mnazi Mmoja.

"Karibu mzee wangu. Unatafuta nini?"

"Riwaya. Ya nyota inayoanguka."

Akafikiri. "Ya kuanguka sina, mzee. Ninacho cha kuipandisha."

Akanipa kijitabu cha utabiri, kuanzia Kondoo hadi Samaki. Nilipofungua kikaangukia ukurasa wa Simba. Mimi ni mtu wa Jangwani tangu utotoni, nikakirudisha haraka.

Nimecheka sana siku ile, lakini yule kijana alikuwa amesema jambo zito kuliko alivyodhani. Ukimwambia Mswahili "nyota", hatazami juu. Anajitazama mwenyewe. Nyota ni riziki yake, ni kismati, ni mvuto wake kwa watu. Hung'aa, hufifia, huibiwa na jirani mwenye husuda, na ukitaka irudi, tazama nguzo yoyote ya umeme kati ya hapa na Buguruni: utakuta kibao kimepigiliwa, kina namba ya simu ya mganga anayesafisha nyota. Hata mwanamuziki au mchezaji tunamwita staa, na staa akifulia tunasema nyota yake imezima.

Riwaya zetu zimeufuata mkondo huohuo. Mohamed Suleiman Mohamed alipotoa Nyota ya Rehema mwaka 1976, hakuandika juu ya kitu cha angani. Nyota ile ni fungu la maisha ya msichana wa Unguja aliyezaliwa na baba mwenye mashamba, akanyimwa upendo kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na hadithi ikaishia kwenye ugomvi wa ardhi, nani mwenye haki ya shamba na nani wa kufukuzwa. Ni riwaya kubwa, asiyeisoma aisome. George Liwenga naye ana Nyota ya Huzuni, na jina limeshasema kila kitu. Nyota katika fasihi yetu haianguki. Inamwangukia mtu.

Si kwamba waandishi wetu hawakupanda juu. Shaaban Robert, mwaka 1951, alitupa Kusadikika, nchi nzima inayoning'inia angani, na wajumbe wanaotumwa pande sita, mmoja wao hadi mbinguni. Kila mmoja aliporudi na habari njema alitiwa gerezani. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimtia mhukumiwa wake, Dzombo, ndani ya chombo na kumrusha kwenda kufia mbali, naye akafika katika ulimwengu ulio bora kuliko alikotoka. Angalieni mwelekeo wa safari. Wenzetu huko nje wanaangukiwa na mawe. Sisi tunarusha watu juu, na kwa kawaida ni watu waliosema ukweli.

Kuhusu kimondo chenyewe, kile cha mstari wa moto, fasihi yetu ilikwisha kupata jibu, na jibu likikamilika hadithi haina kazi. Bibi yangu, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa akikiona tu husema audhubillahi na kutuingiza ndani. Waliosoma sura za Al-Mulk na Al-Hijr wanajua sababu: nyota za mbingu ya karibu zimefanywa pia silaha za kuwapigia mashetani, na anayekwenda kudukua habari za huko juu hufuatwa na kijinga cha moto. Kwa hiyo kwa bibi kimondo kilikuwa risasi iliyolengwa kwa mwingine. Mwenye akili hasimami katikati ya mapigano hayo kuuliza jiwe limeanguka wapi.

Lakini mawe yameanguka, ndugu zangu, na yameanguka kwetu.

La kwanza mnalijua kwa jina: Kimondo cha Mbozi. Liko katika kilima cha Marengi, Mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3, na uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Asilimia 90 hivi ni chuma na inayobaki karibu yote ni nikeli. Liko miongoni mwa vimondo vikubwa zaidi vilivyopata kuonekana duniani, ingawa halifikii lile la Hoba, Namibia, la tani 60 hivi. Hakuna shimo mahali lilipo, na hiyo ndiyo dalili ya umri wake: lilianguka zamani sana hata mvua na upepo vikapata muda wa kufuta nyayo zake. Wenyeji walilijua. Mwaka 1930 akatokea mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, akaliona na kulitolea habari, na ndipo ikaandikwa vitabuni kwamba limegunduliwa. Baadaye likachimbwa pembezoni, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nguzo ikaimarishwa kwa zege, na mpaka leo limekaa juu ya kiti hicho kama mzee wa baraza. Ukiligonga kwa jiwe dogo linalia kama kengele.

La pili ni dogo na ni adimu mara elfu. Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia Ivuna, kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa, kimondo ambacho vipande vyake vyote pamoja havikuzidi gramu 705 au karibu na hapo. Ni uzito wa kuku wa kienyeji aliyekwisha kunyonyolewa. Si chuma. Ni kitu cheusi kinachovunjika kwa mkono, chenye kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini yake. Mawe ya aina hii yanayojulikana duniani yanahesabika kwa vidole, na wataalamu huyathamini kwa sababu ukiondoa gesi, mchanganyiko wa vitu vilivyomo unakaribia sana ule wa jua lenyewe. Ni makombo ya mkate ambao sayari zote zilikandwa kutokana nao. Na kundi zima la mawe hayo huitwa CI. Herufi ya kwanza ni ya kaboni. Ya pili ni ya Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta duniani gramu 5 na kidogo za udongo wa jabali la Ryugu mwezi Desemba 2020, walioupima walisema umefanana na nini? Na mawe ya Ivuna. Kijiji cha Songwe ndicho kipimo cha mfumo wa jua, na hapa mjini hatujakitungia hata wimbo wa kuchezea kamba.

Kipande kikubwa cha Ivuna, cha gramu 202, kiko London, katika Makumbusho ya Historia Asilia, ambayo yalikinunua mwaka 2008.

Na kuna la Mbale, Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992 mchana mvua ya mawe, mawe hasa, iliushukia mji ule na vitongoji vyake. Moja, la gramu 3 na nusu hivi, lilipita kwenye majani ya mgomba likapunguzwa kasi, likamgonga mvulana kichwani. Hakuumia. Hebu fikirini: jabali linazunguka jua kwa miaka mamilioni, linapasuka juu ya Afrika Mashariki, na kijiwe kimoja kinakwenda kumkuta mtoto chini ya mgomba. Mwandishi akikitunga kisa hicho, mhariri atakikata kwa kukosa uhalisi.

Kwa hiyo nilipotoka kwa yule kijana wa turubai nilikuwa na swali jingine kabisa kichwani. Kwa nini hadithi hii ifae kuwa zawadi?

Kiswahili kina majina mengi ya zawadi, kwa sababu kila zawadi ina mtoaji na ina sababu. Kuna kipa mkono cha bwana harusi kwa mkewe. Kuna mkaja wa mama wa binti, kuna kilemba cha baba. Kuna hidaya, tunu, hiba, bahashishi, kifungua mlango. Ukipeleka bahasha kwenye sendofu bila kuandika jina lako, kamati itakaa kikao. Hatupendi kitu kisicho na mwenyewe. Kitu hicho ama ni cha kichawi ama ni cha wizi. Sasa kimondo ndicho kitu pekee kinachotua mikononi mwa watu bila mtoaji, bila sababu na bila jina kwenye bahasha. Na riwaya za vimondo, nilizozisoma miaka yote hii, zinarudi kwenye jambo moja: kimeshuka kitu ambacho hakuna aliyekitoa. Ni cha nani?

Hilo ni swali la Kariakoo. Mahali hapa palipewa jina na kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliobebeshwa mali ya wengine hadi wengi wakafa njiani, na tangu hapo hapajaacha kuuliza mzigo ni wa nani.

Jules Verne alilielewa swali hilo barabara. Ni yule Mfaransa aliyerusha puto lake la kubuni kutoka Zanzibar katika riwaya yake ya mwaka 1863, kwa hiyo ni jamaa yetu kidogo. Alipofariki mwaka 1905 aliacha mswada uliotengenezwa na mwanawe Michel na kutolewa mwaka 1908, La Chasse au météore, yaani kukifukuzia kimondo. Katika mji mdogo wa Marekani wako marafiki wawili wanaopenda kutazama nyota. Mpwa wa mmoja amechumbia binti wa mwenzake. Wote wawili wanakiona kimondo usiku mmoja, kila mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza, na urafiki unaoza mpaka harusi inayumba. Kisha inagundulika kwamba kimondo ni dhahabu tupu. Hapo mataifa yanaingia. Unaitishwa mkutano wa kimataifa kuamua dhahabu hiyo, ambayo bado iko angani, itakuwa mali ya nani.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu wengi humu ni wafanyabiashara, na sijaona riwaya inayowafaa zaidi. Kabla jiwe halijagusa ardhi, hisa za migodi ya dhahabu zinaporomoka, maana kila mtu anajua kwamba dhahabu nyingi hivyo ikishuka, dhahabu itakuwa kokoto. Wakati huohuo yuko Paris kijana wa ajabu ajabu, Zéphyrin Xirdal, aliyeunda mtambo wa kukivuta kimondo kiangukie anapotaka. Kijana hana haja na fedha. Lakini baba yake wa ubatizo ni mwenye benki, na mwenye benki anafanya kile ambacho kila mzee wa Mtaa wa Aggrey angekifanya: ananunua hisa kimyakimya zikiwa chini. Jiwe linatua Greenland, meli za kivita zinajazana, na yule kijana, akichoshwa na makelele, analisukumia baharini. Hisa zinapanda. Watazama nyota wawili hawapati hata chembe. Nilipomsimulia rafiki yangu mwenye duka la vitenge, aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mwenye benki, alikuwa Mhindi?"

Ya Dan Brown, Deception Point ya mwaka 2001, haikunihangaisha kuitafuta. Vitabu vya Brown viko kwenye kila turubai kati ya Posta na Mnazi Mmoja, vimeletwa na mitumba, kurasa zimejikunja. Ndani yake wataalamu wa anga wa Marekani wanakuta kimondo kimezama katika barafu ya kaskazini, na kimondo kina mabaki ya viumbe. Nisameheni, nawaharibia uhondo: kimondo ni feki. Kilipachikwa pale. Riwaya ya kimondo feki, kuuzwa katika mji ambao mteja hawezi kununua chaja bila kuuliza kama ni orijino! Huu ndio ubaya pekee wa kitabu hicho kama zawadi: mtu wa Dar es Salaam atashtukia mwisho wake kabla ya nusu.

H. G. Wells nampitia haraka. Hadithi yake fupi ya mwaka 1897, The Star, inaleta nyota mgeni karibu na dunia. Miji inazama, watu wanakufa kwa halaiki, na mwishoni wataalamu wa sayari ya Mirihi, wakitazama kwa mbali, wanaona kwamba dunia haikuharibika sana. Ni hadithi ya kumpa mtu mwenye majivuno.

Lakini kwa wachumba nina pendekezo. Neil Gaiman alichapisha Stardust mwaka 1999. Kijana wa kijijini, Tristran, anampenda binti mrembo asiyemtaka. Usiku mmoja wanaona nyota ikianguka, na kijana anasema nitakuletea ile. Binti anakubali kwa mzaha, kama mtu anavyosema sawa ili aachwe aende zake. Kijana anavuka ukuta unaotenga kijiji chao na nchi ya majini, anaifikia nyota, na anakuta si jiwe. Ni msichana. Amevunjika mguu kwa kuanguka, ana hasira, na hana nia yoyote ya kupelekwa kwa mtu akiwa zawadi. Na Tristran, pamoja na uungwana wake, anamfunga mnyororo.

Mnacheka. Lakini kina mama hawacheki, nawaona. Ni mara ngapi kwenye vikao vya mahari tumejadili kitu kinachotoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na kitu chenyewe kiko chumba cha pili kinasikia? Gaiman ameliandika kwa mzaha wa hadithi za watoto, na kwa hiyo linapenya. Kijana anayetaka kuoa akipewa kitabu hiki na shangazi yake miezi mitatu kabla ya barua ya posa, namhakikishia shangazi kwamba hajapoteza fedha.

Kuna wanaosema, mwalimu, hizo zote ni za kizungu na ziko kwa lugha za kizungu. Ni kweli. Ndiyo maana nilikaza mwendo hadi Posta, nikashika Samora, nikaingia duka la vitabu la TPH. Nikakumbuka kwamba kampuni kubwa ya uchapishaji wa Kiswahili hapa mjini inaitwa Mkuki na Nyota, na nikacheka peke yangu kama mwehu. Nyota ilikuwa imeandikwa kwenye jalada muda wote! Na ni wao waliotuletea kwa Kiswahili kitabu kidogo cha Antoine de Saint-Exupéry, kile cha mwaka 1943, kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme.

Mtasema si cha kimondo. Mimi nasema ni baba wa vimondo vyote. Rubani ameanguka jangwani na ndege yake. Anakutana na mtoto ambaye naye ameshuka kutoka jabali dogo la angani, B-612, dogo hata akisogeza kiti hatua chache huona jua likitua tena. Na hapa kuna kisa ambacho msomaji wa Mbozi atakielewa kuliko msomaji wa Paris. Jabali lile liliwahi kuonekana kwa darubini na Mturuki mmoja, mwaka 1909. Akaenda kwenye mkutano wa wataalamu kulitangaza, na kwa sababu ya mavazi yake hakuna aliyemwamini. Miaka kumi na moja baadaye akarudi na habari ileile akiwa amevaa suti. Wakamwamini wote. Mwaka ule wa suti ni 1920. Ongezeni kumi, mtampata bwana Nott yuko Marengi, na wenyeji wamesimama kando na mavazi yao.

Mwishoni mtoto anapoondoka hana kitu cha kumwachia rafiki yake isipokuwa nyota zenyewe: kwa kuwa yeye atakuwa kwenye mojawapo akicheka, rubani akitazama juu atazisikia zote zikicheka. Hiyo ndiyo zawadi pekee ya angani, katika vitabu vyote nilivyovitaja, yenye mtoaji.

Sasa namna ya kutoa. Kuna dhana kwamba Mswahili hatoi vitabu zawadi, anatoa nguo na vyombo. Mimi naona Mswahili ametoa maandishi zawadi kwa zaidi ya karne. Khanga ni nini? Pindo, mji, na jina. Ukimpa mtu doti umempa sentensi, na sentensi hiyo huchaguliwa kwa makini kuliko rangi, maana ikienda vibaya huvunja ujamaa. Kwa hiyo nilikwenda Mtaa wa Uhuru kutafuta khanga ya kufungia vitabu, nikapata yenye nyota katika mji wake, nzuri ajabu. Jina lake lilikuwa kijembe kikali kwa jirani. Nikalikunjia ndani.

Nilimpelekea vitabu viwili. Cha Samora, kipya, kinanukia wino. Na cha pili ni Verne wangu mwenyewe, nakala ya Kiingereza niliyoinunua zamani kwenye turubai, iliyokuja ndani ya belo kutoka ng'ambo.

Alifungua khanga, akasoma jina kwanza kama nilivyoogopa, akamtazama mama yake, wakacheka. Kisha nikamsimulia habari za Mbozi na Ivuna, kama nilivyowasimulia ninyi. Alinisikiliza mpaka nilipofika London.

"Mjomba, hao wa makumbusho walikinunua kwa nani?"

Nikamwambia, kwa aliyekuwa nacho.

"Na yeye alipewa na nani?"

Mama yake akaleta chai.

Baadaye alifungua Verne na kukuta kitu ambacho mimi, kwa miaka yote niliyokaa nacho, nilikuwa nimekizoea hata sikioni tena. Ukurasa wa kwanza una maandishi ya kalamu, mwandiko wa mtu mzima mwenye mkono unaotetemeka: kwa mjukuu wangu, Krismasi 1987. Hakuna jina la bibi wala babu, hakuna la mjukuu, hakuna mji. Mtu fulani alinunua kitabu cha jiwe la dhahabu akampa mtoto, mtoto akakua, sanduku likafungwa, belo likapakiwa melini, likafunguliwa hapa, kijana akakitandika juani.

Akaniuliza kama tufute. Nikasema hapana, nipe kalamu. Niliandika chini yake: kwa mpwa wangu, Mtaa wa Sikukuu, Januari. Chini ya hapo imebaki nafasi ya mistari mitatu, minne ukiandika kwa herufi ndogo.